Nahau na vitenzi ambatani vya Kiingereza: mwongozo kamili kwa wanaojifunza Mtwara na Lindi

Kijana aliyemaliza kidato cha nne Masasi au Nachingwea akisoma tangazo lenye neno "postponed" huelewa mara moja kwamba mkutano umeahirishwa, kwa kuwa neno hilo amekutana nalo katika vitabu vya masomo zaidi ya moja. Mgeni akimwambia kwamba mkutano "has been put off", kijana huyohuyo husita, ingawa "put" na "off" ni maneno aliyofundishwa tangu shule ya msingi. Kusita huko hakutokani na uvivu wala uzito wa akili. Sisi tumekipata Kiingereza kupitia vitabu vya sayansi, historia na jiografia, ambavyo hupendelea maneno marefu, ilhali maneno mafupi yanayoungana na kuzaa maana mpya huishi zaidi midomoni mwa watu.

Tofauti hiyo ina historia yake. Wanormani kutoka Ufaransa walipoiteka Uingereza mwaka 1066, lugha ya mahakama, ya utawala na ya elimu ikajaa maneno ya Kifaransa na Kilatini, na ya watu wa kawaida ikabaki na vitenzi vyake vya zamani kama "give", "go", "come" na "set". Hadi leo Kiingereza kina njia mbili za kusema jambo moja: "tolerate" na "put up with", "investigate" na "look into", "establish" na "set up". Shule zetu zimetupatia njia ya kwanza, na tunaweza kujivunia hilo. Mwongozo huu unahusu njia ya pili, yaani vitenzi ambatani, ambavyo walimu huviita phrasal verbs, pamoja na nahau. Nitatumia neno "kijineno" kwa maneno mafupi kama "up", "off" na "out" yanayofuata kitenzi.

Hatua ya kwanza: Anza na Kiswahili unachokijua

Wengi hudhani kwamba Kiingereza kimefanya hapa ajabu ambayo lugha yetu haiijui, na dhana hiyo huwakatisha tamaa kabla hawajaanza. Kiswahili hubadili maana ya kitenzi kwa kukigusa mwishoni: funga huwa fungua, kunja huwa kunjua, hama huwa hamia. Kiingereza hakina viambishi vya namna hiyo, kwa hiyo huweka kijineno kando ya kitenzi kilekile. Kuhama nyumba ni "move out" na kuhamia ni "move in". Kufunga bomba la maji ni "turn off" na kulifungua ni "turn on". Kazi ni ileile, isipokuwa chombo cha kuifanyia ni tofauti.

Tazama pia kitenzi "piga". Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga kura, tunapiga mswaki, tunapiga kambi, tunapiga chafya, na katika yote hayo hakuna anayepigwa. Mtoto wa Kilwa hajawahi kukalishwa darasani akakaririshwa orodha ya matumizi ya "piga". Aliyasikia yakitumika, kila moja mahali pake, mpaka yakamkaa. Kiingereza kina vitenzi vyake vya namna hiyo, navyo ni "get", "take", "put", "set", "turn", "look", "bring", "come", "go" na "give". Ukivijua hivi kumi vizuri pamoja na vijineno vyake, utakuwa umefanya kazi kubwa kuliko mtu aliyenakili orodha ya vitenzi mia tano kutoka intaneti.

Hatua ya pili: Jifunze kijineno kabla ya kitenzi

Vitabu vingi hupanga vitenzi hivi kwa kufuata kitenzi, hivyo mwanafunzi hupewa "look at", "look for", "look into" na "look after" siku moja, na kesho yake vyote vimechanganyika kichwani. Mimi nashauri upange kwa kufuata kijineno, kwa sababu vijineno vingi vina mwelekeo wa maana unaojirudia.

Chukua "up". Maana yake ya kwanza ni juu, na kutokana nayo huja maana ya kuongezeka, kama katika bei kupanda, "go up", na kuongeza mwendo, "speed up". Lakini "up" ina maana nyingine ambayo wengi hawaioni, nayo ni kutenda mpaka kukamilika. "Use up" ni kutumia mpaka kitu kiishe, "fill up" ni kujaza mpaka juu, "dry up" ni kukauka kabisa. Mtu anayesema "The well has dried up" anakueleza kwamba hakuna tone lililobaki kisimani, si kwamba maji yamepungua.

"Off" huashiria kuachana na mahali au kitu. Kwa hiyo "set off" ni kuanza safari, "take off" ni ndege kupaa au mtu kuvua nguo, na "cut off" ni kukatwa na kutengwa. Mvua zilipokata barabara ya Dar es Salaam huko Kilwa mwezi Mei 2024, hali yetu ingeelezwa kwa sentensi moja: "Lindi and Mtwara were cut off from Dar es Salaam." Vilevile "off" huingia katika mambo ya ratiba, na hapo pana jozi inayopaswa kutenganishwa kwa uangalifu: "put off" ni kuahirisha, "call off" ni kufuta kabisa. Mnada wa korosho uliokuwa "put off" utafanyika siku nyingine; uliokuwa "called off" usiusubiri.

"Out" ina njia tatu. Ya kwanza ni kuisha, kama "run out" na "sell out". Ya pili ni jambo kutoka gizani na kujulikana, kama "find out", ambayo ni kugundua, na "work out", ambayo ni kukokotoa au kupata ufumbuzi. Ya tatu ni kugawa, kama "hand out". "Over" huonyesha kitu kikihama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine: wafanyakazi wa bandari wanaopeana zamu, mmoja "hands over" na mwenzake "takes over". "Back" ni kurudi au kurudisha, "on" mara nyingi ni kuendelea, kama "carry on" na "keep on", na "down" ni kupungua au kushuka, kama "slow down" na "cut down".

Lazima niseme wazi kwamba mwelekeo huu si sheria. "Turn down" kwa maana ya kukataa ombi au bei, na "give up" kwa maana ya kuacha au kukata tamaa, ni vigumu kuvieleza kwa kutumia kijineno peke yake. Hivyo utavijifunza kimoja kimoja. Hata hivyo, ukikutana na kitenzi kigeni ukiwa unajua mwelekeo wa kijineno chake, utakisia ukiwa na msingi, na sentensi nzima itakusaidia kuthibitisha.

Hatua ya tatu: Jua mahali pa kuweka yambwa

Hapa ndipo makosa mengi ya wasemaji wetu yalipo, na ningependa usiiruke sehemu hii hata kama sarufi inakuchosha. Yambwa ni kile kinachotendwa. Katika Kiswahili hatuhangaiki kukitafutia nafasi, kwa kuwa kiambishi chake kimo ndani ya kitenzi: nimeizima, amewalea. Katika Kiingereza nafasi ya yambwa hutegemea aina ya kitenzi ambatani.

Aina ya kwanza haina yambwa. "The lorry broke down", lori limeharibika njiani. "We set off before dawn", tuliondoka kabla ya alfajiri. Hapa hakuna tatizo.

Aina ya pili huruhusu yambwa ikae katikati au mwishoni. Unaweza kusema "Turn off the pump" au "Turn the pump off", na zote mbili ni sahihi. Lakini yambwa ikiwa kiwakilishi, yaani "it", "him", "her", "them" na wenzake, ni lazima ikae katikati: "Turn it off." Anayesema "Turn off it" ataeleweka, ila kila Mwingereza atasikia kwamba kuna kasoro. Sheria hii moja inatawala vitenzi vingi vya kila siku: "fill in" kwa fomu, "pick up" kwa mzigo au mgeni, "put on" kwa nguo, "write down" kwa maelezo, "hand over" kwa funguo. Fanya zoezi hili kwa sauti: "Fill in the form. Fill it in. Pick up the sacks. Pick them up. Write down the weight. Write it down." Rudia mpaka ulimi ukatae wenyewe kusema vinginevyo.

Aina ya tatu haitenganishwi hata kidogo. "Look after the children" huwa "Look after them", na "look for the key" huwa "look for it". Sikio husaidia kutofautisha aina hii na ile ya pili. Msemaji akisema "Turn it off", mara nyingi hukaza sauti kwenye "off". Akisema "Look for it", hukaza kwenye "look" na kuipitia "for" haraka.

Aina ya nne ina maneno matatu, nayo pia haitenganishwi: "We have run out of sacks", magunia yametuishia, "I cannot put up with this noise", siwezi kuvumilia kelele hizi. Katika kundi hili kuna "look forward to", inayotumika sana mwishoni mwa barua za kuomba kazi, na watu wengi huikosea. "To" ya hapo ni kihusishi, kwa hiyo kitenzi kinachoifuata huchukua "ing": "I look forward to hearing from you", si "to hear from you".

Kamusi nzuri ya wanafunzi itakuonyesha aina bila kukulazimu kukisia. Tafuta kitenzi chenyewe, kisha nenda mwishoni mwa maelezo yake, ambako vitenzi ambatani huorodheshwa. Utaona vifupisho "sb", yaani mtu, na "sth", yaani kitu. Kamusi ikiandika "look after sb", yambwa hukaa mwishoni tu. Ikionyesha "sth" katikati, kama "turn sth off", kitenzi hicho hutenganishwa. Wanafunzi wengi huvipita vifupisho hivyo kana kwamba ni pambo, na hapo hukosa maelezo yenye thamani kuliko tafsiri yenyewe.

Hatua ya nne: Chagua sentensi za kazi yako

Hakuna sababu ya mkulima wa Tandahimba kuanza na sentensi za treni za chini ya ardhi za London. Kaa chini, fikiria siku yako ya kazi tangu asubuhi, na ujiulize ni mambo gani ungehitaji kuyasema kwa Kiingereza kama mgeni angesimama mbele yako.

Katika biashara ya korosho, mambo hayo ni mengi na vitenzi ambatani vinayafaa sana. Wakulima wakikataa bei iliyotajwa mnadani: "The farmers turned down the price." Wakishikilia msimamo wakingoja bei nzuri zaidi: "They are holding out for a better price." Mnunuzi aliyekubali kisha akajitoa: "The buyer backed out." Makubaliano yakivunjika kabla ya kukamilika: "The deal fell through." Mzigo ukirundikana ghalani kwa kukosa usafiri: "The sacks are piling up in the warehouse." Mkulima akimaliza kulipa mkopo wa pembejeo: "He has paid off his loan." Sentensi hizi sita zikimkaa vizuri karani wa chama cha msingi, ataweza kumweleza mgeni msimu mzima.

Wanaofanya kazi bandarini Mtwara wanahitaji "hold up" kwa kucheleweshwa, "load up" kwa kupakia na "check over" kwa kukagua. Wanaopokea wageni Mikindani au Kilwa Masoko, mji ulio jirani na magofu ya Kilwa Kisiwani yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, wanahitaji "check in", "check out", "show around" kwa kumtembeza mgeni, "drop off" kwa kumshusha mahali na "pick up" kwa kumfuata.

Hatua ya tano: Daftari na marudio

Weka daftari dogo la kazi hii peke yake. Kwa kila kitenzi andika sentensi nzima ya Kiingereza inayohusu maisha yako, kisha chini yake sentensi ileile kwa kiwakilishi, kama kitenzi kina yambwa, kisha maana kwa Kiswahili. Usiandike kitenzi kikiwa peke yake, kwa sababu neno lisilo na sentensi halikuonyeshi mahali pa yambwa wala mahali pa kulitumia. Vitenzi vitano kwa wiki vinatosha. Virudie kesho yake, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, kisha baada ya mwezi, na kila mara funika Kiingereza, soma Kiswahili, useme sentensi kwa sauti kabla ya kufunua. Kusoma kwa macho tu hukupa hisia ya kujua ambayo hupotea pale unapotakiwa kusema.

Hatua ya sita: Nahau, na bahati ya mtu wa pwani

Nahau ni tofauti na vitenzi ambatani kwa jambo moja kuu: maneno yake yamegandana. Unaweza kubadili wakati na mtenda, lakini huwezi kubadili umoja, wingi au neno lenyewe. "He is learning the ropes" ina maana kwamba anajifunza taratibu za kazi mpya. "He is learning the rope" haina maana hiyo. Sisi pia hatumwambii aliyeoa kwamba amepata majiko.

Waingereza waliishi na bahari kwa karne nyingi, na nahau zao nyingi zimetoka kwenye merikebu. Mtu aliyekulia Mikindani, Lindi au Kilwa huzielewa kwa macho, ilhali anayejifunza mbali na bahari hulazimika kuzikariri tu. Hiyo "learn the ropes" ilihusu kamba za tanga. Baharia mpya alipaswa kuijua kila moja na kazi yake, kama mwanamaji wa jahazi anavyopaswa kuijua henza na demani. "High and dry" ni chombo kilichoachwa pakavu maji yalipokupwa. Umeona mashua iliyoelea maji yalipojaa, kisha yakipwa ikalala ubavu juu ya tope, haiendi mbele wala nyuma, ndiyo hali ya mtu aliyeachwa na wenzake bila msaada: "They left us high and dry." "Give a wide berth" ilikuwa kupita mbali na mwamba au chombo kingine, na sasa ni kumwepuka mtu au jambo. "Plain sailing" ni kazi inayokwenda bila kikwazo. "Rock the boat" ni kuvuruga hali iliyotulia, na "in the same boat" ni kuwa katika shida moja na mwenzako. "Take the wind out of someone's sails" ni kumvunja mtu nguvu ghafla, kama tanga lililopoteza upepo. Hata "by and large", inayotumika leo kwa maana ya "kwa ujumla", ilikuwa lugha ya manahodha: "by" ilikuwa kwenda karibu na upepo unakotoka, na "large" kwenda na upepo unaotoka nyuma. Ningekuwa na darasa la vijana wa ufukweni, ningelianzishia hapa, kisha ningewapeleka wakazitazame mashua wenyewe.

Jihadhari na nahau zinazofanana kwa maneno na kutofautiana kwa maana. Kutia chumvi kwetu ni kuzidisha habari. Kiingereza kina "take it with a pinch of salt", ambayo ni kuipokea habari kwa tahadhari, bila kuiamini yote. Chumvi ya kwetu huwekwa na msemaji, ya kwao huwekwa na msikilizaji. Kuvunjika moyo ni kukata tamaa, na Kiingereza chake ni "lose heart". "A broken heart" ni huzuni kubwa, hasa ya mapenzi au ya kufiwa. Mfanyakazi aliyevunjwa moyo na mshahara mdogo akisema "My heart is broken", msikilizaji atadhani amepatwa na msiba. Kwa upande mwingine, zipo zinazokutana vizuri ingawa maneno ni tofauti: mkono wa birika ni "tight-fisted", na fundi anayelipua kazi "is cutting corners".

Hatua ya saba: Pima mahali na mtu

Katika barua rasmi, ripoti na mtihani, tumia neno refu pale unapolijua: "tolerate" badala ya "put up with". Baadhi ya vitenzi ambatani vinakubalika hata huko, kama "carry out" kwa kutekeleza na "set up" kwa kuanzisha. Nahau zipunguze, moja iliyokaa mahali pake inatosha katika barua nzima. Usizipe nafasi zile zilizozeeka katika vitabu vya shule. "It is raining cats and dogs" imo katika madaftari mengi, lakini wasemaji wa leo husema zaidi "It's pouring."

Suala la heshima ni zito kuliko yote hayo. "Kick the bucket" hufundishwa kama nahau ya kufariki, na ndiyo maana yake, lakini ni lugha ya mzaha. Mtu akiitumia kumpa mgeni taarifa ya msiba, au kumtaja marehemu wa mwenzake, ataumiza bila kukusudia. Sema "He passed away" na "I am sorry for your loss".

Hatua ya nane: Sikiliza, kisha uliza

Huduma ya BBC ya kufundisha Kiingereza, iitwayo Learning English, ina vipindi vifupi vinavyopatikana bure kwenye intaneti. Sikiliza kipindi kimoja mara tatu: mara ya kwanza kwa maana ya jumla, mara ya pili ukiandika kila kitenzi ambatani unachokinasa, mara ya tatu ukilinganisha na maandishi yake kama yapo. Tafuta pia mwenzako mmoja mnayekubaliana kuzungumza Kiingereza kwa muda mfupi kila siku, kila mmoja akiwa na vitenzi vyake vya wiki, na mkosoane pale kiwakilishi kinapokaa mahali pasipo pake.

Unapozungumza na mgeni na ukakutana na maneno usiyoyajua, usiitikie kwa kichwa ukitumaini kwamba maana itajifichua baadaye. Katika mambo ya mzigo, malipo au miadi, kuitikia huko kunaweza kukugharimu. Uliza kwa adabu: "Sorry, what do you mean by 'hold off'?" Atakueleza kwamba ni kusubiri kwanza. Kisha rudia kwa maneno yako ili kuhakikisha: "So we should wait until Friday?" Akithibitisha, andika sentensi yake yote daftarini siku hiyohiyo, kama alivyoisema, pamoja na jambo mlilokuwa mkilizungumzia.